Maji Yenu Yalilala Kwangu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakutupa maneno waliponena kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini mpenzi msomaji, kisa ninachotaka kukusimulia kinapingana kidogo na wahenga wetu. Katika kisa hiki, waliochimba kisima ni mimi na baba yangu. Aliyetumbukia ni jirani.

Kwetu ni Kangemi, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Yeyote aliyewahi kufika huko anajua kwamba Kangemi ni kupanda na kushuka. Walio juu wako karibu na barabara, walio chini wako karibu na kijito, na katikati kuna vichochoro ambavyo mvua ikinyesha hugeuka mito. Sisi tunaishi juu. Baba yangu ni fundi wa kabro. Nasema hivyo bila haya, kwa maana karo yangu, sare niliyovaa na hata kalamu ninayoandikia insha hii vyote vimetoka kwenye kabro.

Ploti tunamokaa ni ya futi 50 kwa 100. Ina vyumba pande mbili na uwanja katikati. Zamani uwanja huo ulikuwa wa udongo mwekundu, na nyasi hapa na pale. Karibu na lango palikuwa na kibonde, na ndani ya kibonde migomba mitatu iliyonona kwa maji ya kufulia. Mvua ikinyesha, matope yalitufuata hadi kitandani. Akina mama walilalamika, watoto walianguka, na wapangaji wawili wakahama. Basi Desemba 2023 landilodi akamwita baba akamwambia, "Fundi, nimechoka na hii matope. Weka kabro kila mahali. Sitaki kuona mchanga."

Ilikuwa likizo, kwa hivyo nilikuwa msaidizi wa baba. Tulikata migomba. Tukafukia kile kibonde kwa maramu, tukashindilia mpaka ardhi ikawa ngumu kama mwamba. Tukamwaga dasti, ile unga ya mawe ya kwari, kisha tukapanga kabro moja baada ya nyingine, zikabanana kama meno ya mamba. Baba alinifundisha siri ya kazi yake: "Kabro bila mteremko ni bwawa. Kila mita moja, shusha sentimita mbili, maji yaende langoni." Alikuwa na kile kifaa cha mafundi kinachoitwa pima maji, akawa anakilaza juu ya kabro huku jicho moja amelifumba.

Siku tulipokuwa tukikata migomba, Mama Mboga alipita na kikapu chake kichwani. Mama Mboga anakaa chini yetu, mwisho wa kichochoro kinachoanzia langoni petu, katika nyumba ya mabati. Ni rafiki ya mama tangu nilipokuwa nikinyonya. Alisimama akatazama, kisha akauliza, "Sasa fundi, mkimaliza hii migomba, maji yake itakunywa nani?"

Tulicheka. Baba akamjibu, "Mama, maji yatajiendea zake."

Ama kweli, yalijiendea zake.

Mwaka 2024 mvua ya masika ilikuja kwa hasira. Mwezi wa Aprili haukuisha kabla nchi haijaanza kuomboleza. Mito ilivunja kingo, magari yakaelea barabarani, na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yakashuka kwa kishindo huko Mai Mahiu yakafagia nyumba na watu wakiwa usingizini. Siku hiyo hiyo ndiyo tuliyokuwa tufungue shule kwa muhula wa pili. Ufunguzi ukaahirishwa hadi tarehe 6 Mei, ukaahirishwa tena, na mwishowe tukafungua tarehe 13 Mei. Wakati huo nchi ilikuwa imekwisha kuzika zaidi ya watu 200.

Usiku mmoja mwishoni mwa Aprili hiyo, mvua ilianza kupiga mabati saa nne. Haikuwa mvua ya rasharasha. Ilikuwa ikimwagwa kwa madebe. Niliamka nikachungulia mlangoni na tochi, nikaona jambo lililonifurahisha moyo. Uwanja wetu ulikuwa unang'aa. Hakuna tope, hakuna dimbwi. Maji yalishuka juu ya kabro kwa utaratibu kama wanafunzi wakielekea gwarideni, yakapita chini ya lango, yakapotea gizani. Nikajisemea, "Hii ni kazi ya mikono yangu." Nikarudi kulala usingizi wa pono.

Alfajiri mlango wetu ulibishwa. Mama akafungua. Alikuwa Mama Mboga, leso yake imelowa hadi kiunoni, miguu imejaa matope mekundu, na mtoto wake wa mwisho yuko mgongoni anatetemeka. Mama alimkaribisha ndani, lakini hakuingia. Alisema kwa sauti ya chini, maneno ambayo hadi leo nayasikia masikioni:

"Dada, mimi sikuja kugombana. Nimekuja tu kuwaambia. Maji yenu yalilala kwangu."

Nilipigwa na bumbuwazi. Baba alikuwa ameinua kikombe cha chai. Alikiweka chini bila kunywa.

Tulishuka naye. Sitaeleza yote niliyoyaona. Maji yalikuwa yameingia kwa mlango yakatoka kwa upande wa kitanda. Gunia la viazi lilikuwa limeoza kwa usiku mmoja. Makaa yalikuwa uji. Lakini lililonivunja moyo lilikuwa ni sanduku la katoni lililokuwa chini ya kitanda. Mwanawe wa kwanza, ambaye mimi humwita kaka ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, alikuwa Kidato cha Nne mwaka huo. Ndani ya sanduku hilo alikuwa ameweka daftari zake zote, tangu Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu. Alikuwa amechuchumaa, akifungua kurasa moja moja, na kila ukurasa aliofungua ulimbakia mkononi kama ugali mbichi. Wino wote ulikuwa umekimbia. Aliniangalia, hakusema neno. Nami sikusema neno. Laiti angalinitukana!

Wapita njia walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema, "Lakini hawa nao, mbona wanakaa njia ya maji?" Nilitaka kumjibu kwamba Mama Mboga amekaa hapo miaka tisa na maji hayajawahi kumfikia kitandani. Lakini ningelijibuje, ilhali aliyeipanua njia hiyo ni mimi?

Baada ya siku chache serikali ikatangaza kwamba Ijumaa tarehe 10 Mei itakuwa siku ya mapumziko, ya kuwakumbuka waliofariki na kupanda miti. Mama alinunua mche mmoja. Alitoka nao uwanjani akiwa ameushika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kabro. Akaenda nyuma ya choo. Kabro. Akamgeukia baba akamwuliza, "Baba nanii, tutaupanda wapi?"

Baba hakuwa na jibu. Katika ploti nzima hapakuwa na mahali penye udongo wa kutosha kupanda hata kitunguu. Mche ule ulikaa ndani ya kopo la rangi juu ya kabro, na mimi nilirudi shuleni nikiwa na fundo moyoni.

Wiki ya kwanza nilimwendea mwalimu wetu wa Jiografia, nikamweleza kila kitu. Hakunilaumu. Alichukua chaki akaniuliza, "Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja mraba, ni maji kiasi gani?" Sikujua. Akasema, "Ni lita moja kamili." Kisha akanipigia hesabu ya ploti yetu. Futi 50 kwa 100 ni karibu mita 460 mraba, paa na uwanja pamoja. Tuseme mvua ya usiku mmoja ni milimita 40. Hizo ni lita 18,400. Ukizipima kwa mitungi ya lita 20, ni mitungi 920.

Mitungi 920, jamani! Hebu fikiria watu 920 wakipanga foleni kwenye kichochoro chetu, kila mmoja na mtungi kichwani, na kila mmoja akifika mlangoni pa Mama Mboga anamwaga. Hivyo ndivyo ploti moja inavyoweza kufanya. Na juu yake tuko ploti ngapi?

Mwalimu alieleza kuwa ardhi yenye nyasi na mizizi si kitu kigumu. Ina vijitundu vya minyoo, vya wadudu na vya mizizi iliyooza, na maji hupenyeza humo polepole. Majani ya miti nayo huzuia matone yasipige ardhi kwa nguvu. Kile kibonde chetu cha migomba kilikuwa kikifanya kazi bila mshahara: kilipokea maji, kikayashikilia, kikayanywesha ardhi. Tulipokifukia hatukuyaondoa maji. Tuliyaondolea kitanda chao, nayo yakaenda kutafuta kitanda kingine.

Alinikumbusha pia jina la jiji letu. Nairobi ni neno la Kimaasai lenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, mahali hapa palikuwa na vinamasi na mito. Jiji likajengwa juu ya maji, kisha likayafunika kwa lami, saruji na mabati, na kila mwaka linashangaa maji yakijitokeza.

Nilidhani shida hii ni ya maskini tu. La hasha! Huko Marekani, mji wa Philadelphia una mabomba ya zamani ambamo maji ya mvua na ya choo hupita pamoja. Mvua ikizidi, mchanganyiko huo humwagika mitoni. Wangeweza kuchimba mabomba makubwa zaidi kila mahali. Badala yake, mwaka 2011 walianza mpango wa miaka 25 wa kupunguza maji hayo kwa bustani za mvua, mashimo ya miti kando ya barabara, na sakafu zinazopitisha maji. Lengo lao ni zaidi ya ekari 9,500 za lami na paa, kila ekari ishughulikie inchi moja ya kwanza ya mvua papo hapo inaponyesha. Uchina nayo ilichagua miji 16 mwaka 2015 ijaribu kuwa kama sponji: inyonye maji wakati wa mvua, iyaachilie polepole baadaye.

Jina la bustani ya mvua lilinivutia. Mwalimu alinichorea. Ni kibonde kilichochimbwa makusudi upande wa chini wa uwanja. Chini kabisa huwekwa kokoto, juu yake udongo uliochanganywa na mchanga na mbolea, kisha hupandwa mimea isiyoogopa maji wala kiangazi. Nilitazama mchoro huo nikacheka kwa uchungu. Kumbe ni kile kibonde chetu cha migomba! Wataalamu wa ng'ambo wanakijenga kwa fedha nyingi, nasi tulikuwa nacho bure tukakifukia kwa fedha.

Likizo ya Agosti ilipofika nilimweleza baba, hesabu na mchoro. Alinyamaza kwa muda mrefu. Sikiliza, msomaji: si rahisi kumwambia mtu kwamba kazi anayoilishia watoto ndiyo iliyomzamisha jirani. Nilitarajia anikemee. Badala yake alikitoa kile kifaa chake mfukoni, akakigeuza geuza.

"Miaka yote nimebeba pima maji," akasema, "na sijawahi kupima maji."

Kazi ilikuwa kumshawishi landilodi. Alipandwa na mori. "Fundi, unataka kunirudishia matope? Si nilikulipa?" Baba hakubishana naye. Alimpeleka langoni akamwonyesha nguzo. Maji yaliyokuwa yakipita hapo kwa kasi yalikuwa yamekula udongo wa msingi, na ufa ulikuwa umeanza kupanda ukutani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na landilodi alijua bei ya ukuta. Akakubali, kwa sharti kwamba kazi iwe bure na yeye anunue vifaa tu.

Kwanza tulichimba shimo dogo, tukalijaza maji, tukatazama saa. Hii ni muhimu. Udongo mwekundu kama wetu hunywa maji vizuri, lakini ule mweusi wa mfinyanzi ulio upande wa mashariki na kusini mwa Nairobi hufura na kuyakataa. Ukichimba bustani ya mvua huko bila kuweka njia ya kutolea maji, utafuga mbu. Maji yanapaswa kuisha kwa siku moja au mbili, kabla mbu hawajapata muda wa kukua. Letu liliisha kabla ya jioni.

Tulikuwa tumeanza kung'oa kabro nilipoona kivuli mbele yangu. Nikainua macho. Alikuwa yule kaka, mwanawe Mama Mboga, na jembe begani. Moyo ulinidunda. Nilisimama, nikamwambia yale ambayo nilishindwa kuyasema Aprili: "Kaka, nisamehe. Ni sisi."

Akanitazama. "Najua ni nyinyi," akasema. "Nani mwingine anakaa huko juu? Chimba, wacha maneno."

Tulichimba pamoja siku mbili. Bustani yetu ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 2, mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo, na ukingo wake uko chini ya kabro kwa sentimita 30. Hiyo ni nafasi ya lita 3,600. Tulipanda mgomba, nduma na nyasi za vetiva ambazo mizizi yake huenda chini sana ikashika udongo. Mche wa mama hatimaye ulipata makao. Pale pa kupitia gari tuliweka kabro zenye matundu, nyasi zikaota ndani. Landilodi naye, alipoona kazi inapendeza, akaweka gata na tangi la lita 5,000, ili paa lisimwage ovyo. Jumla ni lita 8,600, karibu nusu ya zile 18,400, na ardhi huendelea kunywa mvua ikiendelea kunyesha.

Sitaki kukudanganya kwamba bustani hushinda kila mvua. Tarehe 20 Julai 2021, mji wa Zhengzhou nchini Uchina, ambao nao ulikuwa umejiunga na mpango wa miji sponji, ulipata milimita 201.9 za mvua kwa saa moja tu. Zaidi ya watu 300 walikufa. Hakuna nduma inayoweza kunywa mvua kama hiyo. Mitaro bado inahitajika, na mitaro isiyozibwa na karatasi za plastiki na chupa tunazotupa. Kingo za mito zinapaswa kuachiwa mito. Lakini mvua nyingi si za aina hiyo. Ni hizi zetu za kawaida, tunazozigeuza mafuriko kwa ukaidi wetu.

Lipo jambo moja linalonikera hadi leo. Mafuriko yakija, macho yote huelekea bondeni. Mwaka 2024 walioishi kando ya mito waliamriwa kuhama, na ni kweli hapakuwa salama. Lakini nani aliwauliza walio juu wameyafanya nini maji yao? Aliye bondeni huitwa mkaidi, na aliye mlimani huitwa mwenye maendeleo. Mimi nilikuwa mwenye maendeleo. Uwanja wangu mkavu ndio uliokuwa mafuriko ya mwenzangu.

Kaka alifanya mtihani wake wa KCSE mwaka huo huo wa 2024, kwa daftari za kuazima. Kuna vitu ambavyo bustani haiwezi kurudisha.

Masika ya mwaka 2025 yalipofika, usiku mmoja mvua ilipiga mabati tena. Safari hii sikurudi kulala. Nilitoka na tochi nikashuka kile kichochoro hadi mlangoni pa Mama Mboga. Maji yalikuwapo, sikatai, kwa kuwa ploti za jirani bado ni kabro tupu. Lakini yalikuwa ya kufikia kisigino, na yalipita kando. Mlango ulifunguka kidogo, Mama Mboga akachungulia.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kuangalia maji."

"Rudi ulale, mwanangu. Leo wamelala kwenu."

Siku nduma zilipokomaa, mama alizichimba, akazichemsha, akashuka nazo kwa sahani iliyofunikwa. Hawakuwa wamekaa pamoja na kuongea kama zamani kwa karibu mwaka mzima. Mama Mboga alikula moja, akatafuna taratibu, kisha akacheka kile kicheko chake cha zamani.

"Dada, hizi ni tamu. Zimekunywa maji yangu."

Ndugu wanafunzi wenzangu, mvua ikinyesha kesho usikimbilie darasani mara moja. Simama barazani dakika tano tu utazame paa la bweni letu. Hesabu urefu na upana wake, zidisha kwa milimita, ugawanye kwa mtungi. Kisha yafuate maji kwa macho mpaka kwenye ua wa shule, ujiulize yanaelekea kulala kwa nani. Pale nyuma ya jiko pana kiwanja kitupu cha udongo mwekundu, na mimi nina jembe. Baba ameahidi kuja Jumamosi yoyote mtakayotaja, na safari hii atapima maji kabla hajapima kitu kingine.

Kwa hayo naweka kalamu yangu chini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; fundi akisifiwa, amwulize jirani wa chini.